Baba anakwenda kuzibuliwa mshipa wa moyo Dar, nani afuatane nae?

SUALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mie niko Wete, Pemba. Baba yetu ana miaka 63, mikarafuu alikuwa anapanda mwenyewe mpaka juzijuzi, sa hivi akipanda kile kilima cha kwetu tu kifua kinambana mpaka anakaa chini. Alipimwa hapa, akapelekwa Unguja, na sasa ana rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar, akapigwe picha ya mishipa na wakiona palipoziba wamzibue na kumwekea stenti. Tabu ni kwamba anaogopa, anasema hataki kupasuliwa kifua wala hataki kufanyiwa majaribio. Ami zangu wawili wanataka kufuatana nae, mamkubwa anataka, shangazi anataka, kaka yupo Muscat anasema asubiriwe yeye. Mama hata haulizwi. Na mamkubwa kasema baba asiambiwe kitu mpaka afike hukohuko. Nifanyeje? – Binti wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili maana yamenipata hayahaya, mama yangu nae alizibuliwa mshipa, na sie tulikosea mengi kwahiyo ntakwambia na tulipokosea.

Mwambieni baba. Leo, hapohapo Wete, akiwa kwenye kiti chake. Karatasi ya kukubali atatia saini yeye mwenyewe, sasa mtamficha mpaka wapi? Mtu akilazwa juu ya ile meza hajui anafanywa nini presha inapanda na moyo unamwenda mbio, na huo moyo ndo mgonjwa wenyewe.

Mwambieni hivi: kifua hakipasuliwi. Wanampiga ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, wanaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa, unapanda mpaka kwenye moyo, alafu wanapitisha dawa ambayo kwenye picha inaonyesha wapi damu inapita na wapi pamebana. Pakiwa pamebana wanaweza kupitisha puto dogo, wanalijaza linapanua njia, na pale wanaacha stenti, yani kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa usirudi kufunga. Yeye yuko macho muda wote, anamsikia daktari. Mrija ukitembea ndani hausikii, ila ile dawa ikipita joto linaweza kumpanda mwili mzima mpaka akadhani kajikojolea. Hili mwambieni mapema wallahi, mama yangu hakuambiwa na yule mtu mzima aliona aibu mpaka machozi yakamtoka pale mezani, na kumbe hajajikojolea chochote.

Na kuhusu majaribio, daktari mmoja aitwa Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo kwa puto mwaka 1977 kule Zurich, Uswisi, na stenti zilianza kuwekwa watu mwaka 1986. Ile taasisi ya Dar, iliyopo palepale Muhimbili, ipo tangu 2015 na hii kazi ndo kazi yake. Lakini msimdanganye kuwa hakuna hatari kabisa, hatari zipo, daktari atazitaja na baba ana haki ya kuuliza. Pia inawezekana picha ionyeshe mishipa mingi imeziba na aambiwe kinachomfaa ni upasuaji. Hapo mnakaa mnazungumza nae kwanza.

Sasa la nani aende. Sie tulikwenda watu kumi na moja, daktari akatoka akaeleza pale mlangoni mara moja, kila mtu akaondoka na lake: mjomba kasikia mishipa miwili, dada kasikia mitatu, mwengine kampigia mtu Chake kuwa mama anapasuliwa usiku ule, na kufika magharibi watu washajaa nyumbani wanalia, na mama yuko wodini anakunywa uji! Kwahiyo teueni mmoja wa masikio. Mmoja tu, anaekaa na daktari, anaandika kwenye daftari, anaetuma ujumbe kwa ukoo mara moja kila jioni. Kwa ninavyokusoma naona huyo ni weye. Wa pili awe mama yako, tena muulizeni mwenyewe, maana yeye ndo atalala na yule mzee na yeye ndo anajua anakunywa dawa zipi na anazitupa zipi. Ami mmoja afuatane nanyi kwenye boti, mizigo na kupanda zile ngazi baba asijibebee kitu. Ami wa pili abaki na shamba na ng'ombe, na hiyo si kazi ndogo, mgonjwa anaewaza ng'ombe halali. Habari ya bima au malipo mulizeni mtu wa ofisini kabla ya kuondoka Pemba, msiende kuulizia dirishani.

Mamkubwa na shangazi nao wana lao. Mie wa kwetu alikuja na kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, asubuhi ya siku yenyewe, zafarani inanukia wodi nzima, na mama kaambiwa asile wala asinywe kitu. Ikawa ugomvi mpaka nesi kaingia kati. Kombe si baya, dua ndo silaha yetu, lakini baba anywe kabla hajaambiwa afunge au baada ya daktari kumruhusu kula, na ile asubuhi wasome Yasini huko nyumbani. Mitishamba mengine ndo msiifiche, mtajieni daktari yote, na kama ana sukari au figo au dawa yoyote ilimdhuru zamani, mtajieni pia.

Akitoka, kama wameingilia kinena atalazwa chali masaa kadhaa na mguu haukunjwi. Mama alitaka kuinuka kuswali tukashindwa kumzuia, mpaka imamu wa jirani kwenye simu kamwambia aswali hapohapo kwa ishara, ndo akatulia. Mkiona damu inatoka pale palipochomwa bonyezeni kwa nguvu na muite nesi papohapo, hali kadhalika pakivimba, au mkono au mguu ukawa baridi, au kifua kikambana tena. Na mkisharudi nyumbani ni hivyohivyo, msingoje kupambazuke.

Na dawa, mwanangu, hapa ndo nakushika mkono. Akiwekewa stenti atapewa aspirini na nyengine ya kuzuia damu isigande, mara nyingi klopidogreli, na hizo mbili pamoja zinakwenda miezi kadhaa, wengi mwaka mzima, kwa muda atakaopanga daktari. Atajiona mzima, atapanda kile kilima bila kukaa, na mtu atamwambia "za nini tena hizo". Asiziache hata siku moja kwa shauri la mtu, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na hapo mshipa unaziba ghafla. Hata akienda kung'olewa jino aseme kwanza. Ramadhani ikifika muulizeni daktari azipange kwenye futari na daku.

Kaka wa Muscat asisubiriwe, rufaa haingoji tiketi. Hela atume, na apige simu usiku baada ya Isha baba akishakula, azungumze nae yeye mwenyewe, si kupitia kwenu. Asubuhi ya siku ya kuzibuliwa tu ndo asipige.