Kupanda Kilimanjaro na kisukari cha sindano: insulini, mashine na usiku wa kilele

Mleta mada anauliza: ana kisukari aina ya 1, anatumia kalamu mbili (ya muda mrefu usiku, ya chakula kila mlo), anapanda kwa njia ya Marangu mwezi wa 7. Afanyeje insulini isigande na sukari isimshukie njiani?

Mkuu, inawezekana, wenye sindano tunapanda. Ila muone daktari wako wiki kadhaa kabla, na kapime macho. Retina (utando wa nyuma ya jicho) ambayo tayari ina mishipa dhaifu inaweza kuvuja damu kule juu.

Insulini kwanza. Huku chini tumezoea kuikinga na joto: friji, mtungi, kitambaa kibichi. Mlimani mambo yanageuka. Huganda joto likishuka kidogo tu chini ya sifuri, na ikishaganda haina kazi tena hata ikiyeyuka. Ile angavu kama maji inaweza isikuonyeshe dalili yoyote: unachoma, sukari inazidi kupanda, na wewe unasingizia uchovu. Ile ya rangi ya maziwa angalau hujisema, maana ukiizungusha viganjani unaona chembe zimeng'ang'ania kwenye kioo. Zote mbili tupa.

Kwa hiyo kuanzia Horombo (kambi ya pili, mita 3,720) kalamu zinakaa mwilini, kwenye kipochi cha shingoni, juu ya fulana ya kwanza na chini ya sweta. Usizibandike kwenye ngozi tupu, huko kuna joto kuliko insulini inavyopenda. Usiku zinalala na wewe ndani ya begi la kulalia, zikiwa kwenye soksi. Akiba igawe: nusu yako, nusu ya mwongozaji, naye aiweke mwilini vilevile. Isiingie kwenye begi la mpagazi hata siku moja. Wapagazi hutangulia, na wewe ukiihitaji saa 6 mchana, begi liko kambini.

Sindano usiiache kwenye kalamu. Insulini ikipoa hupungua ujazo na kuvuta hewa kupitia tundu la sindano, halafu unakuta povu. Kila unapochoma, toa unit 2 hewani kwanza. Tone lisipoonekana, rudia.

Mashine ya kupimia itakusumbua kuliko insulini. Nyingi zimetengenezwa zifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 40 hivi. Baridi ikizidi zinaandika kosa au zinagoma kuwaka. Iweke mfuko wa ndani pamoja na kopo la stripu, na ikigoma ibane kwapani dakika 10 kisha ujaribu tena. Soma pia karatasi yake kuhusu urefu kutoka usawa wa bahari. Nyingi zinaishia kwenye mita 3,000 na kitu, yaani kabla hujaiona Horombo. Stripu zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huyumbishwa na upungufu wa oksijeni. Zenye glukosi dehidrojenesi hazijali, hizo ndizo za kubeba. Hata hivyo, huko juu usikae kwenye namba za mpakani. Ukisoma 5 (namba zote za sukari hapa ni mmol/L), kula kama mtu aliyesoma 4.

Kidole cha baridi hakitoi damu. Vua glavu, zungusha mkono mzima kuanzia begani kama anayerusha jiwe kwa kombeo, mara 20 hivi, damu itashuka vidoleni. Kisha futa kidole kwa maji na ukikaushe, kwa sababu ukiwa umetoka kushika tende au glukosi, mashine inaweza kukusomea 14 na wewe una 6. Mwenye kihisi cha mkononi (kinachobandikwa na kusoma sukari chenyewe) asijali sana, kinapata joto chini ya nguo. Simu ndiyo inayozimika kwa baridi. Tena kihisi hubaki nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15, hivyo kikionyesha 5 na mshale unaelekea chini, kula hapo hapo. Mashine ya vidole beba tu.

Dozi. Kutembea saa 5 hadi 7 kwa siku kunafanya misuli inyonye sukari kwa insulini kidogo. Pa kuanzia, daktari wako akiafiki, ni kupunguza ile ya muda mrefu kwa asilimia 20 hadi 30: anayechoma unit 20 anaanza na 14 hadi 16. Ya kifungua kinywa ipunguze karibu nusu. Kama ya muda mrefu yako ni degludeki, punguza siku 2 au 3 kabla, maana inakaa mwilini muda mrefu. Kuiacha kabisa, hapana. Anza kutembea ukiwa na 7 hadi 10. Chini ya 5, kula kwanza. Juu ya 15, pima ketoni (asidi ambazo mwili hutoa ukikosa insulini), na zikifika 1.5 siku hiyo hutembei. Ukipita mita 4,000 mwili mara nyingi huanza kudai insulini zaidi, na wakati huo huo hamu ya kula inapotea. Ndiyo maana dozi ya Mandara (kambi ya kwanza) si dozi ya Kibo (kambi ya mwisho). Tumbo likikataa chakula, ya mlo ichome baada ya kula, kwa kiasi ulichokula kweli.

Wa insulini mchanganyiko 30/70 mna kazi ya ziada: sehemu yake ya rangi ya maziwa kwenye sindano ya asubuhi hufikia nguvu yake mchana, mkiwa katikati ya njia. Ipangwe upya kabla ya safari. Wa vidonge, glibenklamaidi ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa sukari ikishuka kwa dawa hiyo inaweza kushuka tena baada ya masaa. Dapagliflozini na empagliflozini huweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa ya kawaida. Muulize daktari kuhusu kuziacha siku chache kabla. Deksamethasoni, anayopewa mtu aliyezidiwa na mlima (ugonjwa wa mwinuko), hupandisha sukari vibaya sana. Mwongozaji wako ajue hilo kabla hamjaondoka getini.

Njiani, gramu 15 hadi 30 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya kutosha inakaribia 25. Chokoleti iache kwa ajili ya raha: mafuta yake huchelewesha sukari, na Kibo inakuwa ngumu kama tofali. Kwa sukari iliyoshuka, pima nyumbani vijiko 4 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa (gramu 16) kwenye vikopo vidogo, kila kimoja dozi moja, vikopo 8 kwenye mifuko ya jaketi. Kunywa na maji, subiri dakika 15, pima tena.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutetemeka, kuyumba, kichwa kuuma, maneno kuchanganyika: ni sukari, ni baridi au ni mlima? Dalili zinafanana. Mbaya zaidi, sukari ikishuka sana mwili huacha kutetemeka, na joto linakutoka bila wewe kujua. Pima kila mara. Huwezi kupima? Sukari kwanza. Ikirudi sawa na bado unayumba, ni mlima, na dawa yake ni kushuka.

Usiku wa kilele mnatoka Kibo (mita 4,720) karibu saa 6 usiku. Toka ukiwa na 9 au 10, pima kila saa, mgongo ukiupa upepo. Mpira wa kunywea maji huganda, kwa hiyo tumia chupa ndani ya soksi nene, iliyopinduliwa: barafu huanzia juu, nawe unanywea upande wa pili. Usifunge kamba za buti kwa nguvu. Kama nyayo zina ganzi, vidole vinaweza kuungua na baridi usisikie, na jioni usivipashe kwa moto wala chupa ya maji ya moto. Tazama kwa macho, kila kidole.

Baada ya kilele unashuka hadi Horombo siku hiyo hiyo, umetembea zaidi ya saa 12. Usiku huo ndio hatari kuliko ule wa kupanda, kwa sababu misuli inaendelea kujaza akiba yake umelala. Punguza ya usiku tena, kula wanga kabla ya kulala hata kama umechoka, na weka alamu ya saa 8 usiku, pima.