Lisbon na mama mwenye magoti mabovu

Dada, umeuliza kama siku mbili Lisbon, mji mkuu wa Ureno, zinatosha ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Zinatosha, ila mji ule ni vilima vitupu, kwa hiyo usimpandishe mtaa wa kale wa Alfama kwa miguu. Tramu namba 28 yenye sifa kubwa hujaa mno, na wezi wa mifukoni wamo. Mimi na mama yangu tulichukua namba 15 hadi mtaa wa Belém, kando ya mto, ambako ni tambarare.

Hapo ingieni kanisa la Jerónimos. Ukivuka mlango tu, kuna kaburi la Vasco da Gama: sanamu yake imelala, viganja vimeunganishwa kama anaswali, na ubavuni jiwe limechongwa kamba na jahazi. Mama yangu, aliyekulia Malindi akiuona mnara wake kila siku, alisimama pale kimya muda mrefu. Akaniambia, "Kumbe ndiye huyu aliyefika kwetu 1498." Sikumharakisha.

Mnara wa Belém utazameni kwa nje, ngazi zake ni nyembamba na za kuzunguka. Jumatatu msiende, Jerónimos hufungwa.