Wasomaji wanauliza: Inspekta Wingo bado yupo fiti?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimemaliza Simu ya Kifo, ile riwaya ya upelelezi ya Katalambulla yenye Inspekta Wingo, nimeanza saa mbili usiku nikasema nasoma kurasa kumi nilale, wapi, nimekuja kushtuka adhana ya alfajiri hiyo. Ila mshikaji wangu ananiambia kitabu cha kizamani, eti polisi wa siku hizi wangechek namba tu kwenye mtandao wa simu kesi kwisha. We unaonaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mshikaji wako anasahau kitabu kimetoka 1965, simu yenyewe ilikuwa ya waya na mwenye nayo nyumbani ni wa kuhesabu, sasa mtu anapigiwa anasikia sauti tu hajui nani wala wapi, hofu yote iko hapo, ukiweka simu ya mkononi hadithi imekufa.

SWALI: Mi naona Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anamzidi Wingo kwa mbali, bishaneni.
Dada wa Mombasa

JIBU: Dada, unalinganisha maembe na mafenesi. Bwana Msa si polisi, ni raia na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum pembeni anashangaa, ye anafikiri tu mpaka fundo linafunguka. Wingo ana kazi ya serikali, lazima akamate mtu. Mi binafsi kwa akili nampa Bwana Msa, ila kwa presha ya moyo, Wingo.

Na aliyeuliza muuaji ni nani: sisemi ng'o, kasome.