Nikionja divai na kuitema, kazi yangu ni halali?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana Mwislamu wa Bukavu, nafanya kazi ya somelie kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Nachagua divai, naifungua, namweleza mteja ipi inaendana na samaki na ipi na nyama. Sasa patroni anataka kunipeleka Stellenbosch, Afrika Kusini, nikasome zaidi. Pombe sinywi: naonja, natema. Si hata mpishi aliyefunga huonja mchuzi akautema?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Hoja ya mchuzi nimeipenda, inaonyesha chuoni ulikaa. Ni kweli, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, hakuona ubaya aliyefunga kuonja kilichomo chunguni. Lakini mchuzi wenyewe ni halali, uliouzuia ni mchana wa Ramadhani tu. Magharibi ikiadhiniwa unaunywa. Divai haina magharibi yake. Tena kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, divai ni najisi, kwa hiyo kuitia mdomoni kwa hiari hakuna ruhusa, umeze usimeze.

Haya, tuseme huonji kabisa. Katika hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa pombe: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Mnywaji ni mmoja tu! Wewe wabeba, wanywesha, wauza, na mshahara unatoka humo. Stellenbosch usiende.

Mishahara iliyopita, uliyokula ukidhani ni halali, naipima kwa aya ya riba (2:275): aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake. Mwombe patroni akuhamishie mapokezi. Akikataa, tafuta pengine, na utafutaji uanze leo. Sikwambii watoto walale njaa usiku huu.

Pua yako lakini usiitupe. Kahawa ya arabika ya Kalehe na Idjwi inataka waonjaji: wanaivuta kwa kijiko kwa kelele, wanaitema, wanaipa alama kati ya 100, na ikifika 80 huhesabiwa kahawa ya daraja la juu. (Waarabu wa kale, neno qahwa walikuwa wakiiita divai, kabla halijahamia kwenye buni.) Na Ramadhani ikikukuta kwenye kazi hiyo, onja mchana na uteme, uangalie tu tone lisiteremke kooni. Hapo hoja yako ya mchuzi itakufaa.