Safari Inayofia Kwenye Grupu

Wiki iliyopita msomaji wa Dodoma aliniandikia hivi: “Dada, sisi tuko wengi na wote tunapenda milima. Kila tukipanga safari grupu linachangamka siku mbili, watu wanarusha picha za maporomoko, halafu kimya. Wewe watu wa kwenda nao unawatoa wapi?”

Nilicheka peke yangu, maana magrupu ya aina hiyo ninayo tele kwenye simu. Moja bado linaitwa “Rungwe Julai”. Julai ya mwaka gani, hakuna anayekumbuka.

Jibu langu ni fupi: siwachagui mimi, inawachagua hela. Aliyelipa ndiye msafiri. Ambaye hajalipa ni shabiki, na mashabiki tunawapenda, ila kwenye gari hawakai. Najua wapo watakaosema nimekuwa mkavu. Basi nisikilizeni kwanza habari ya Lengai.

Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, una urefu wa mita 2,962. Ukiusoma kwenye karatasi ni nusu tu ya Kilimanjaro, na hapo ndipo sisi wa mjini tunapodanganyika. Kilimanjaro unapanda kwa siku kadhaa, una wapagazi, una mpishi, jioni unakuta supu. Lengai unapanda usiku mmoja kutoka bondeni hadi kileleni. Hakuna kibanda, hakuna maji njiani, na ukishapita nyasi za chini hakuna hata mti wa kujikinga jua. Ndiyo maana watu huanza saa tano au saa sita za usiku, ili kukipambazuka wawe juu na jua likianza kuwaka wawe wameshaanza kushuka.

Kufika penyewe ni shughuli. Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu unateleza kwenye lami. Baada ya hapo ni vumbi, mawe na makorongo ya mchanga kupitia Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Gari dogo lisahau. Mnakodi Land Cruiser na dereva wake, mnalipa mafuta, ada za mageti njiani, kambi na mwongozaji. Na hapa naomba mtega sikio unitegee vizuri: bei ya gari ni ileile mkiwa sita au mkiwa wawili. Mmoja akiingia mitini, nafasi yake inalipwa na waliobaki.

Tulipanga tuwe sita. Wa kwanza kuandika “Nipo!” kwenye grupu alikuwa shoga yangu niliyelala naye chumba kimoja chuoni, na ndiye aliyechagua hata tarehe, sisi wengine tukahamisha ruhusa zetu kazini tumfuate. Hela yake ikawa ya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, vyuma vikawa vimekaza. Usiku wa kuamkia safari, tumeshafika Arusha, tumekaa mezani chipsi zinapoa, ukaingia ujumbe: “Jamani mambo yameingiliana, ila nipo nanyi kiroho.”

Kiroho! Dereva hapokei malipo ya kiroho. Tukagawana sehemu yake palepale. Kati yetu alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amejibana miezi mingi mpaka senti ya mwisho. Hakusema neno. Ila safari nzima sikumwona akinunua hata soda.

Baadaye, kwenye sherehe ya rafiki yetu mwingine, nikapenyezewa kwamba shoga yangu anasema mimi siku hizi ni “mtu wa hela sana”. Iliniuma, na bado inaniuma. Tunasalimiana, tunapongezana kwenye mitandao, lakini ule ukaribu wa chumba kimoja haupo tena.

Tuache hayo, tupande mlima.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa pale pale kijijini, shuka begani na katambuga miguuni, zile za tairi. Sisi tuna viatu vya bei mbaya. Mwenzetu mmoja, mtu wa jimu, akaanza kwa kasi kama anafukuzwa, taa yake ya kichwani tukaiona inapotelea juu. Kijana hakushtuka. Alimwambia msaidizi wake amfuate, kisha akatuambia, “Huyo tutamkuta amekaa.” Akamweka yule mwalimu mbele yetu sote, yeye ndiye aliyekuwa na mwendo mdogo, na akatukataza kumpita.

Kama umezoea kupanda na watu wanaopishana, hili linakera kwa nusu saa ya kwanza. Baadaye unaelewa. Pumzi haikukatiki, unaongea, unasikia wengine wanavyopumua gizani. Mlima wenyewe unasimama zaidi kadiri unavyopanda. Chini ni majivu yanayotitia, unapanda hatua mbili unarudi moja, yanaingia kwenye soksi, yanaingia mpaka kwenye meno. Juu majivu yameganda yakawa kama saruji, yana mifereji, na unapanda kwa mikono na miguu. Glovu za bustani nilizonunua kwa bei ya mtumba zilinisaidia kuliko viatu vyangu. Harufu ya kiberiti ilitufikia kabla ya kileleni, na mtu wa jimu tulimkuta, kama tulivyoambiwa, amekaa kwenye jiwe anatetemeka kwa jasho lililopoa. Akasimama, akaingia kwenye foleni nyuma ya mwalimu.

Tulifika kabla jua halijachomoza. Lengai ndiyo volkeno pekee duniani inayotoa lava ya aina yake leo, yenye kaboneti nyingi za sodiamu na kalsiamu. Lava ya volkeno nyingine nyingi huzidi nyuzi joto 1,000. Hii huwa kati ya 500 na 600 hivi, inatoka nyeusi, nyepesi, na ikipata unyevu inageuka nyeupe. Weupe ule unaoonekana kileleni ukiwa mbali, ambao wageni hudhani ni theluji, ndiyo huo. Mwaka 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu na kurusha majivu, na kileleni pakabadilika kabisa. Sisi tulisimama mbali na ukingo, mwongozaji akiwa mkali kama mama mkwe, tukaangalia Bonde la Ufa linavyotoka kwenye giza upande wa ziwa.

Kushuka sielezi sana. Magoti yanajua.

Mchana tukaenda maporomoko ya Engare Sero. Unatembea ndani ya korongo, unavuka mto mara hii upande huu, mara hii upande ule, maji mpaka mapajani, mikindu imening'inia ukutani na maji mengine yanachuruzika kutoka kwenye mwamba wenyewe. Mwalimu aliingia chini ya maporomoko na nguo zake zote, akakaa pale huku anacheka. Mimi nimesimama ukingoni mwa Kalambo, kule Rukwa, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa nchi yetu na Zambia, nimekwenda Materuni mpaka nimepachoka, lakini pa Engare Sero napapenda zaidi kwa sababu ya yule mwalimu na kicheko chake.

Sasa ndugu yangu wa Dodoma, sikiliza. Safari ya marafiki ni kama harusi ya kwetu: ahadi haipiki pilau. Wekeni tarehe ya mwisho ya mchango, walau mwezi mmoja kabla hamjakodi gari, na hela iingie kwenye akaunti ya kikundi ambayo kila mmoja anaona, si kwenye simu ya mtu mmoja. Tarehe ikipita, pigeni hesabu kwa waliolipa tu. Semeni mapema kwamba anayejitoa baada ya hapo harudishiwi, na msione haya kulisema kwa rafiki wa karibu, kwa sababu wa karibu ndio wanaotuzoea. Wengi mnapenda kuonekana watu wema, halafu wema wenu analipa mwalimu. Huo si wema. Mtu akikununia kwa sababu umedai mchango aliouahidi mwenyewe, mwache anune.

Ya pili, mwenye mwendo mdogo aende mbele. Ya tatu, chukueni mwongozaji wa hapohapo na mkubali neno lake. Mengine yote, maji lita tatu kwa kila mtu, taa ya kichwani na betri za akiba, nguo ya baridi ya kileleni, mtaambiwa na mwongozaji. Lakini hela kwanza. Nimeshasema? Nasema tena.

Na msianze na Lengai. Anzeni na Sanje, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hamhitaji kukodi chochote kikubwa, basi la Ifakara linawashusha Mang'ula, na ndani ya hifadhi hakuna barabara za gari, kila mtu ni miguu yake. Maporomoko yanashuka kama mita 170 kwa ngazi, kuna bwawa la kuogelea, na ukiwa juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yamelala chini. Mkibahatika mtawaona kima wa Sanje, wanaoishi kwenye misitu ya Udzungwa tu na hawapo kwingine duniani. Nendeni kiangazi, kuanzia Juni, kwa sababu masika njia inateleza vibaya. Sisi tunakwenda Agosti na mchango unafungwa tarehe 30 Juni. Shoga yangu naye ameomba awemo. Nimemtumia namba ya akaunti ya kikundi.