Uliza Ami Fundi: Noti inakwama, kinanda hakisikiki

Swali, kutoka Tudor

Asalaam aleikum ami. Nimefufua Pentium moja ya ex-UK iliyokuwa stoo kwa mjomba, kufungua ndani nikakuta saundi kadi Sound Blaster 16 (SB16) nzima kabisa. Nikasoma kwamba zile pini 26 zilizosimama juu ya kadi ni za kupachikia kadi mtoto ya midi, yaani kadi ndogo ya kupigia muziki, basi nikajikaza nikaagiza Yamaha DB50XG, hela iliyoenda ami usiniulize. Nimeipachika na muziki wa gemu ya Doom umetoka mtamu mpaka mamangu akaja kuchungulia kuna nini. Shida ni kwamba nikianza kupiga risasi tu, noti moja inashika, inalia piiiii haiachi mpaka nitoke kwenye gemu. Nimeing'oa nikairudisha mara tatu hali ni ile ile. Je nimeuziwa mbovu?

Jawabu

Waaleikum salaam mwanangu. Usiirudishe bado, hiyo Yamaha haina kosa, mwenye kosa ni mama aliyembeba mgongoni. Fanya jaribio moja kwanza, ingia kwenye setapu ya gemu, zima milio ya risasi na milango, bakisha muziki peke yake halafu cheza nusu saa. Noti isipokwama hata mara moja basi ushajua ugonjwa uko kwenye Sound Blaster.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Midi haibebi sauti, inabeba amri tu, baiti moja baada ya nyingine kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde. Amri ya kwanza inasema piga noti fulani, ya pili inakuja baadaye kusema acha. Sasa kwenye SB16 kuna chipu moja ndogo inayosimamia milio ya kawaida na hiyo hiyo ndiyo inayopitisha amri za midi kwenda kwa kadi mtoto, ikishikwa na milio ya risasi inaangusha baiti njiani, na ukiwa na bahati mbaya baiti iliyoanguka ndiyo ile ya "acha". Kadi mtoto imebaki kama mpiga zumari arusini ambaye hakuna aliyemwambia bwana harusi keshaingia ndani, yeye anapuliza tu.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kesi utafute hiyo chipu, imeandikwa CT1741, kwenye maandishi yake utaona V na tarakimu tatu. Ikiwa V405 kwa kawaida haina shida hii. Ukiona V411, V412 au V413 basi ndio wenyewe, na hakuna draiva itakayokutibu manake programu yenye kosa imechomwa ndani ya chipu, hata ukiiweka Windows upya mara kumi.

Sasa ufanyeje na hela ushatoa? Mimi ningekuwa wewe nisingeitupa SB16, nyingi zina chipu ya muziki ya Yamaha, OPL3, na gemu za zamani zinaipenda. Tafuta saundi kadi ya pili ya ISA (aina ya sloti ya kompyuta za zamani), hizi ambazo watu walikuwa wanaziona takataka, yenye chipu ya Yamaha YMF718 au YMF719 na hakikisha pini 26 zipo, sio matundu matupu. Hizo hazina huo ugonjwa na mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko Sound Blaster yenye jina. Zungukia mafundi wenye makorokoro ya ex-UK, sema unataka "kadi ya sauti ya sloti ndefu nyeusi", ukisema ISA wengine vijana watakutumbulia macho.

Ukiipata, mhamishe mtoto kwa mama mpya halafu uzipange zisigombane. SB16 iachie anwani yake ya 220 na IRQ 5 na DMA 1, hizo ni namba ambazo gemu inazitumia kuitafuta kadi, ila midi yake ihamishe iende 300 kwa kile kijampa (kifuniko kidogo cha pini) kwenye kadi. Ile ya pili mpe midi ya 330 manake gemu nyingi ndipo zinapobisha hodi, na upande wake wa Sound Blaster uuzime au uusukume 240. Kama ni ya plagi-na-cheza kuna programu ya bure ya DOS (ule mfumo wa kabla ya Windows) inaitwa UNISOUND, inakupangia yote hayo kwa faili moja la maandishi. Mwisho chukua waya wa jeki ndogo, toa sauti ya kadi ya pili uiingize line-in (tundu la kupokea sauti) ya SB16, zote mbili zitatoka kwenye spika moja.

Na nakuomba, ukipachika usiwe na papara. Mimi nshaunguza moja hivi hivi, stima ilikuwa imekatika nikasema nimalizie kwa kurunzi, nimeibana mdomoni, nikapachika nikiwa nimeruka safu moja ya pini bila kuona. Stima iliporudi nikawasha, kukatoka harufu ile unayoijua. Kwenye hizo pini kuna volti 5, kuna 12, na kuna 12 ya hasi, ukikosea nafasi moja unaipeleka 12 mahali pa 5. Tafuta alama ya pini namba 1 kwenye kadi zote mbili, zikutane, halafu inama uangalie kwa ubavu kama hakuna pini iliyobaki nje. Sloti ya jirani iache wazi kadi mtoto isiguse kitu.

Ah, na hewa yetu ya chumvi. Pini zikiwa na rangi ya kijani au nyeusi zisugue taratibu kwa ufutio wa penseli halafu spiriti.

Swali, kutoka Mji wa Kale

Ami shikamoo. Mimi napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu. Nina kompyuta kuukuu yenye tundu la joistiki la pini 15, nikaambiwa hapo ndipo midi inapotokea. Nimelehemu waya mwenyewe moja kwa moja kutoka pale hadi plagi ya pini 5. Kinanda kinapokea vizuri lakini nikipiga mimi, kompyuta haisikii kitu.

Jawabu

Marahaba. Uliyeambiwa hukudanganywa, pini 12 inatoa na 15 inapokea, ila waya mtupu hautoshi. Kinanda kinatuma midi kwa mkondo wa umeme wa kiasi cha miliampia 5 tu, sio kwa volti kama kompyuta inavyotaka, kwa hivyo upande wa kupokea lazima pakae optokapla katikati, kichipu kinachopitisha alama kwa mwanga bila umeme wa huku kugusana na wa kule. Kebo za midi za joistiki zilizotengenezwa kiwandani zinakuwa nacho ndani ya plagi, ndiyo sababu kichwa chake kinene vile. Tafuta hiyo, usilehemu tena. Ukiipata kumbuka OUT ya huku inaenda IN ya kule, watu wazima tunalikosea hilo kila siku.

Swali, kutoka Likoni

Nina saundi kadi ya AWE32, nataka kuiongeza memori nipakie sauti zangu za udi na kanuni. Memori yoyote itaingia?

Jawabu

Hapana. Inataka SIMM (vipande vya memori) za pini 30, zile fupi za enzi za 386, zile za pini 72 hazitoshi hata kwa nguvu. Weka mbili zenye ukubwa sawa. Mbili za MB 4 zinakupa MB 8 na kwa udi na kanuni hapo ushashiba, ukiweka mbili za 16 kadi itakubali 28 tu. Ukimaliza cheki kijampa cha memori, wengi wanakisahau halafu wanalia kadi haioni kitu. Na mtu asikuuzie AWE64 akikwambia ni ile ile ila mpya zaidi, hiyo haina sloti za SIMM wala pini za kadi mtoto, memori yake ni ya umbo lake peke yake na kuipata ni kazi.