Nafuma kwa raha zangu, mbona wananitaka niuze?

Shangazi anajibu barua zenu za kazi za mikono

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nakaa Makambako, nimeajiriwa kwenye duka la pembejeo. Usiku watoto wakishalala nachukua sindano zangu nafuma: sweta za wanangu, soksi, vitambaa vya makochi. Napenda mno. Shida ni watu. Wifi yangu, majirani, akina mama wa kikundi, kila anayeona ananiambia, "Hiyo ni hela unaichezea, fungua biashara, chukua mkopo ununue uzi wa jumla." Sasa mume wangu naye kaniletea oda ya sweta kumi na tano za shule bila kuniuliza. Tangu hapo hata kushika uzi sitaki. Je, ni ubinafsi kufuma bila kuuza? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si ubinafsi hata kidogo, na nakuomba usiache.

Nimefundisha sayansi kimu shule za msingi tangu ujana wangu hadi nikastaafu, na hili unalolisema nimelishuhudia likikua. Zamani mwanamke akikaa barazani na kroshia yake hakuna aliyemuuliza anaingiza shilingi ngapi. Siku hizi kila kizuri anachokifanya mtu kwa mikono yake kinaitwa fursa. Ukipika maandazi yakawa matamu, fursa. Ukimsuka mdogo wako akapendeza, fursa. Biashara siidharau. Nawajua akina mama wa Njombe na Makete waliosomesha watoto kwa sweta, na baridi ya kule ya Juni na Julai huwaletea wateja mpaka mlangoni. Lakini wale waliamua wenyewe. Wewe umeamuliwa, ndiyo maana uzi umekutia uvivu.

Tupige hesabu kidogo, ili ukizungumza na mume wako uwe na la kumwonyesha. Sweta ya mtoto wa miaka 6 hula gramu 200 hadi 250 za uzi, na kwa mtu anayefuma usiku tu baada ya kazi ni shughuli ya wiki mbili au zaidi. Zidisha mara kumi na tano: zaidi ya nusu mwaka umekwenda, na baridi imeshapita. Halafu mnunuzi atailinganisha na ya mtumba aliyoiona gulioni, atake ushushe bei. Sweta za shule hufumwa kwa mashine. Fundi mmoja aliyeizoea anatoa kadhaa kwa siku, na vipimo vyote vinalingana. Basi oda hiyo ipelekeni kwa fundi mwenye mashine ya kufumia, mume wako abaki na heshima yake kwa waliomwagiza. Mwambie akiwa ameshakula na ametulia, wala usimlaumu, maana inaelekea alidhani anakufurahisha. Sema tu, "Baba, kazi yangu ya hela ni ile ya dukani. Hii ni ya kupumzika."

Wengi wanaokushauri hawajawahi kugeuza kisigino cha soksi. Wewe unakijua, ila acha niwaeleze wasomaji wengine. Ukifika chini ya kifundo, nusu ya vitanzi unaviacha vingoje, nusu nyingine unaifuma ukigeuka kila mstari kitanzi kimoja kabla ya mwisho. Mwanzoni huoni kitu, mistari inazidi tu kuwa mifupi. Kisha unaanza kuvirudisha vile ulivyoviacha, kimoja kimoja, na hapo kitambaa kilichokuwa kimenyooka kinajipinda chenyewe mkononi, kinafanya nafasi ya kisigino bila mkasi wala mshono. Miaka yote hii, nikifika pale bado namwita aliye karibu aje aone. Mteja wa sweta kumi na tano hailipii furaha hiyo, wala hana habari nayo.

Tena hufumi kwa ajili yako peke yako. Kuna kofia na soksi unazompelekea mzazi aliyejifungua, kuna vitambaa vya makochi vya bibi harusi, ambavyo atavifua na kuvipiga wanga mpaka wajukuu wavikute. Akija anayeng'ang'ania umuuzie, mjibu kwa upole: "Siuzi, ila njoo na uzi wako nikufundishe." Wengi hawatarudi. Atakayerudi utakuwa umepata mwenzako wa kukaa naye.

Na siku ukitaka mwenyewe kuuza, uza ulichokwisha kufuma, si ulichoahidi kufuma. Kofia mbili tatu zikizidi kabatini, peleka.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva bodaboda hapa Mbeya. Nilijifunza kroshia kwenye simu, na nikiwa kijiweni nasubiri abiria nafuma kofia. Wenzangu wananicheka kwamba ni kazi ya wanawake. Tena kofia zangu zinatoka na mawimbi pembeni, hazikai kichwani. Niache? – Dereva

JIBU: Marahaba, baba. Usiache, na waambie wenzako watazame barazani mwa maduka hapo mjini: wanaume wangapi wamekaa kwenye cherehani wakishona magauni ya wanawake, na nani anawacheka?

Kuna kisiwa kinaitwa Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru, ambako kufuma kwa sindano ni kazi ya wanaume. Mvulana anajifunza angali mdogo, na kofia anayoivaa mwanamume humwambia anayemtazama kama ana mke au bado. UNESCO iliitangaza kazi yao ya nguo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia kwenye orodha yake rasmi. Wasimulie hilo kijiweni.

Sasa mawimbi. Hayo yanatokea kwa sababu unaongeza vitanzi vingi mno, au unaendelea kuongeza wakati ulipaswa kuacha. Kwa mshono ule mfupi wa kawaida wa kroshia, anza utosini na vitanzi 6. Mzunguko wa pili viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24. Yaani kila mzunguko unaongeza 6, umevitawanya sawasawa. Ukifanya hivyo duara litalala bapa mezani. Likikunjamana, umezidisha. Likiinuka mapema, umepunguza.

Kujua pa kuacha kuongeza, pima kichwa kwa futi ya fundi na ugawe kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 56 kinataka duara lenye upana wa karibu sentimita 18. Likifika hapo, acha kuongeza kabisa, fuma kitanzi juu ya kitanzi, na kofia itashuka yenyewe mpaka masikioni. Uzi wa kroshia huvutika, kwa hiyo ukiacha kwenye 17 hukosei. Itashika vizuri zaidi.

Ila nakusihi, usiivae chini ya helmeti. Inaizuia helmeti kukaa barabara kichwani. Ivae kijiweni.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Nimeanza kufuma na imenikolea, lakini uzi mzuri ni ghali kwa mfuko wangu. Kuna njia? – Mwanachuo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda mnadani, kwenye mafungu ya sweta za mitumba, siku ambayo hakuna anayezitaka kwa sababu ya joto. Unanunua uzi, hununui nguo, kwa hiyo usijali shingo iliyotatuka wala mtindo uliopitwa.

Kabla ya kulipa, igeuze nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Hapo ndipo kila kitu kilipo. Ukiona kingo za vipande viwili ni nzima, zimeunganishwa kwa mnyororo mwembamba wa uzi, chukua. Kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kitafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukiona kingo zimezungushiwa nyuzi nyingi za overloki, irudishe fungu. Kitambaa hicho kilikatwa kwa mkasi, na ukikifumua kila mstari unatoka kipande chake, utabaki na rundo la vijiuzi vya kuungaunga. Iache pia ya sufu iliyofuliwa vibaya ikasinyaa, kwani nyuzi zimeshikana na hazitaachana tena.

Nyumbani chomoa kijiuzi kwenye mshono, kishike kwa kibanio juu ya sahani, ukiwashe. Kikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kwa vidole, ni sufu. Kikiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni akriliki, na nguo yake usiipige pasi. Kikinuka karatasi, ni pamba.

Kata mishono taratibu kwa wembe au kimkasi kidogo, utenganishe mbele, mgongo na mikono. Sweta nyingi huanza kufumwa kwenye pindo la chini, kwa hiyo fumua kuanzia juu, shingoni. Ukianzia chini utapambana nayo. Uzi unaotoka uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kamba legevu sehemu nne, ndipo uutoe kitini. Utakuwa umejikunjakunja. Uloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza bila kusugua, utundike kivulini na chupa ya nusu lita ya maji ikining'inia chini kuunyoosha. Ukikauka, viringisha mpira wako bila kukaza, kwa sababu uzi uliovutwa ukifumwa hivyo, nguo itanywea siku ya kwanza kufuliwa.

Sweta moja nene ya mtu mzima itakupa gramu 300 na kuendelea. Hapo una skafu na kofia, na za kujaribia mishono mipya zinabaki.